Shamba Moja, Zao la Mwaka Mmoja

Ndugu zangu, asanteni kwa kuitikia mwaliko. Leo naomba tukae ndani ya shamba moja tu, dogo, la hekta 1.84, yaani kama ekari nne na nusu hivi. Liko kijijini Le Mesnil-sur-Oger, katika eneo la Champagne, Ufaransa. Jina lake Clos du Mesnil. "Clos" kwa Kifaransa ni shamba lililozungushiwa ukuta, na ukuta wa hili ni wa mwaka 1698. Majirani wa mizabibu yake ni nyumba za wanakijiji.

Champagne ni nchi ya baridi. Mwaka huu zabibu zinaiva vizuri, mwaka ujao jalidi inaunguza machipukizi au mvua inaozesha vishada. Ndiyo maana watengenezaji wa huko wa shampeni, divai ile yenye mapovu, walijifunza kuchanganya: zabibu za vijiji vingi, divai ya akiba ya miaka iliyopita, na aina tatu kuu, Pinot Noir na Meunier zenye ganda jeusi, na Chardonnay, nyeupe. Kinachopungua hapa hufidiwa na cha pale. Ni ufundi mkubwa, nami nauheshimu. Kampuni ya Krug, iliyoanzishwa mjini Reims mwaka 1843, ilipata jina kwa ufundi huohuo.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1971 Krug walinunua mashamba pale Le Mesnil kwa kuwa walihitaji Chardonnay ya kuchanganyia. Shamba letu lenye ukuta lilikuwa miongoni mwa hayo. Walipoionja divai yake, wakaona hii isichanganywe na kitu. Zao la 1979 likawa la kwanza kutiwa chupani peke yake: shamba moja, mwaka mmoja, aina moja ya zabibu. Liliuzwa mwaka 1986. Siku hizi divai hiyo hulala zaidi ya miaka kumi kabla ya kutoka.

Inalala inafanya nini? Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Maji ya zabibu huchachuka kwanza katika mapipa madogo ya mwaloni, kila kipande cha shamba kivyake. Kisha divai hutiwa chupani pamoja na sukari na hamira, ikazibwa, ikachachuka tena humohumo. Gesi ya kuchachuka huko haina pa kutokea, inayeyukia ndani. Msukumo wake hufika karibu mara 6 ya ule wa hewa inayotuzunguka. Hamira ikishamaliza kazi hufa, ikatua kama mashapo, na mashapo hayo ndiyo yanayoipa divai, pole pole sana, harufu ya mkate uliotoka tanuri. Chardonnay ya Le Mesnil ikiwa changa hukata ulimi kama ndimu. Bila miaka hiyo ya giza chini ya ardhi, ukali ule haulainiki.

Lakini divai ya namna hii haina wa kuifichia aibu. Hakuna kijiji jirani cha kuitia utamu, hakuna akiba ya mwaka jana. Zao la 1999 lilikuwa tayari limo chupani, limekwisha kulala. Krug wakalipima, wakaamua lisiuzwe. Tazameni orodha ya miaka ya Clos du Mesnil: 1998 imo, 2000 imo, 1999 haimo.