Fedha ya Doria Ifike Kabla ya Nyasi Kukauka: Mhadhara kwa Viongozi wa Vijiji, Kigoma

Ndugu wenyeviti, maofisa misitu, wazee wetu mliotoka Uvinza, shikamooni.

Gombe ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, Mahale mwaka 1985. Lakini sokwe mtu wengi wa magharibi mwa Tanzania hawaishi humo. Wako kwenye misitu ya miombo kama ile ya Masito na Ugalla, na pale msitu unapoingia ardhi ya kijiji, mlinzi wake ni kijiji.

Wafadhili hupenda kulipia mwanzo: kupima mipaka, mpango wa matumizi bora ya ardhi, sheria ndogo. Ni lazima, maana bila sheria ndogo iliyopitishwa na halmashauri ya wilaya, mlinzi akimkamata mchoma mkaa hana faini halali ya kumtoza. Ila mradi ukiisha, ramani hubaki ukutani, posho ya doria hukatika, na msimu unaofuata shamba jipya limeshafyekwa ndani ya msitu.

Tupige hesabu ya mfano. Walinzi 8, siku 10 kwa mwezi, posho ya shilingi 15,000 kwa siku: ni 1,200,000 kwa mwezi, 14,400,000 kwa mwaka. Buti na petroli bado. Mkitaka fedha hiyo itokane na mtaji uliowekezwa, nanyi mchote asilimia 5 tu kwa mwaka ili mfumuko wa bei usiule, mtaji uwe milioni 288. Bodi na mkaguzi wa hesabu kijiji kimoja hakivimudu, ndiyo maana mfuko wa mtaji kama huo huundwa kwa eneo zima, kama ule wa Milima ya Tao la Mashariki ulioanzishwa mwaka 2001. Magharibi tunastahili wa kwetu, na ninawasihi mlidai hilo kila mfadhili anapokuja.

Sasa kalenda, ambayo huua misitu mingi kimyakimya. Barabara za moto, yaani njia zilizofyekwa nyasi ili moto usivuke, husafishwa Mei na Juni, na moto wa mapema, wa kupunguza nyasi kabla ya moto mkali, huwashwa wakati huohuo, nyasi zikiwa na unyevu. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Fedha ikifika Septemba, moto mkali umeshapita, na miche yote imeungua. Andikeni kwenye mkataba kwamba fungu la moto liwe kwenye akaunti ya kijiji ifikapo Aprili.

Na miradi ya kaboni, ambapo kampuni hulipa kijiji kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na msitu? Malipo huja baada ya uhakiki, si siku ya kutia saini. Iulizeni kampuni: doria ya miaka hiyo ya kusubiri analipa nani? Jibu liandikwe, lisomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ndipo mhuri ugongwe.