Lori Limekukanyaga Mguu Kibirizi: Unaanzia Wapi?

ZAINABU: Karibuni tena, hapa Kigoma. Leo tuko mwaloni Kibirizi. Kibarua anapakua mizigo, lori linarudi nyuma, linamkanyaga mguu. Kaka Msafiri, anaanzia wapi?

MSAFIRI: Hospitali, dada. Hali mbaya haisubiri karatasi. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ndugu yake ataifuata polisi, ila iwe siku hiyohiyo. Polisi anajaza sehemu yake, daktari ya kwake, anasaini na kugonga muhuri. Sasa hapo kwa daktari ndipo madai ya fidia yanapofia. Akiandika "ameumia mguu", bima ya lori watakulipa mguu uliochubuka. Mwombe aandike alichokiona: mfupa wa muundi umevunjika, mguu wa kulia, eksirei imepigwa tarehe fulani. Kabla ya kuirudisha polisi, toa fotokopi mbili.

ZAINABU: Na pale watu walipojazana, mmoja apige picha namba ya gari. Ukiiingiza kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, unaona bima ni ya kampuni gani na inaisha lini. Usikubali tu kuambiwa "bima ipo".

MSAFIRI: Halafu kuna lile la "tuyamalize wenyewe". Mwenye lori anatoa laki moja, na karatasi usaini. Ikiwa imeandikwa "sina madai tena", mguu umeuuza kwa laki moja. Hela ya dawa chukua, lakini maandishi yaseme ni ya matibabu tu.

ZAINABU: Hiyo ni bima ya lori. Ila huyu alikuwa kazini.

MSAFIRI: Enhe! Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Akikukata wewe, amevunja sheria. Mjulishe msimamizi mapema, kwa maandishi, hata meseji inatosha kuwa ushahidi. Mwajiri ana siku 7 za kazi kupeleka taarifa. Akikaa kimya, nenda mwenyewe WCF. Miezi 12 ikipita bila taarifa, haki imepotea.

ZAINABU: Wanalipa nini?

MSAFIRI: Matibabu. Na ukishindwa kufanya kazi kwa muda, asilimia 70 ya mshahara, isizidi miezi 24. Kama ni laki tatu kwa mwezi, unapata 210,000. Ulemavu wa kudumu ukipimwa asilimia 30 kushuka chini, unalipwa kwa mkupuo. Ukizidi, pensheni ya kila mwezi.

ZAINABU: Kibarua hana hati ya mshahara. Na bosi anaweza kusema "huyu simjui".

MSAFIRI: Basi miamala ya simu ya malipo yako imtaje huyo bosi. Piga picha pia daftari la msimamizi, ule ukurasa wenye jina lako na idadi ya siku.

ZAINABU: Turudi kwenye bima. Mbona madai yanakaa sana?

MSAFIRI: Wanataka ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari na nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki. Dereva anakiri, analipa faini, kesi imekwisha, na majeruhi hata hajui ilisikilizwa lini. Bima wakikuzungusha, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ila kumbuka, kudai fidia mahakamani ukomo ni miaka 3, na mazungumzo na bima hayasimamishi saa.

ZAINABU: Hiyo hukumu ataipataje?

MSAFIRI: Amwulize askari wa trafiki namba ya kesi, aende nayo kwa karani wa mahakama. Aiandike nyuma ya ile fotokopi ya PF3, isipotee.