Mtaro Kwanza, Bwawa Baadaye

Ndugu wakulima na maafisa wa nyanjani,

Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha katika maeneo kame ya Kenya. Kufikia Aprili 2024 nchi ilikuwa inalia mafuriko. Maji yaliyotukosa na yaliyotuharibia hupita kwenye miteremko ile ile.

Ukitaja kuhifadhi maji hapa Ukambani, watu huwaza bwawa la mchanga, yaani ukuta unaokatiza mto wa msimu ili mchanga ujikusanye nyuma yake na kuhifadhi maji ndani yake. Tuanzie juu zaidi, shambani, kwenye fanya juu, yaani mtaro wenye tuta upande wake wa juu. Chimba mtaro wa sentimita 60 upana na 60 kina, udongo uutupe upande wa juu, ukiacha ukingo wa sentimita 15 hadi 30 usije ukarudi mtaroni. Mita moja ya mtaro huo hubeba lita 360. Mitaro ikipishana kwa mita 15, inameza milimita 24 za maji yanayotiririka. Kwa hiyo mvua ya milimita 50 ikinyesha na nusu yake ikazama yenyewe, karibu yote iliyobaki inabaki shambani.

Kinachoharibu kazi ni kukosa usawa. Pima kwa uzi na pimamaji, usiamini macho. Tuta likiinama mahali pamoja hata kwa kimo cha kiganja, maji ya mtaro mzima hukimbilia hapo, hulibomoa, kisha huliangukia tuta la chini kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana tunaanza kuchimba juu kabisa ya mteremko, na ndani ya mtaro tunaacha vizuizi vya udongo kila baada ya mita chache. Majani ya nepia yapandwe juu ya tuta mara tu mvua za kwanza zinapoanza.

Sasa mtoni. Bwawa la mchanga halizuii mafuriko: likishajaa mchanga, maji hupita juu yake. Kazi yake ni kiangazi, kwa kuwa maji yaliyo chini ya sentimita 60 za mchanga jua huyapata kwa shida. Lakini si kila mchanga unafaa. Chukua ndoo ya lita 20, itoboe chini, weka kitambaa juu ya tundu, uzibe. Jaza mchanga mkavu wa mto huo, mimina maji mpaka yaonekane juu, kisha zibua upime yanayotoka. Yakiwa lita 5, mchanga ni mzuri. Yakiwa lita 1 tu, hilo ni tope. Tafuta sehemu nyingine.

Ukuta ukae juu ya mwamba. Pigilia nondo kila mita 2 kukata mto mpaka igonge jiwe. Ukijenga juu ya changarawe, maji hupita chini. Mabawa, yaani ncha za ukuta zinazoingia kwenye kingo za mto, yakiwa mafupi, mto hujichimbia njia pembeni.

Piga hesabu kabla ya kuahidiana. Mchanga wa mita 400 urefu, 15 upana na wastani wa 1.5 kina ni mita za ujazo 9,000; maji ni robo, 2,250. Ekari moja ya mboga, kwa milimita 5 kwa siku, hunywa lita 20,000. Basi hiyo ni ekari moja kwa siku 110 hivi, kabla ya mifugo na matumizi ya nyumbani.

Na mchanga huo usiuzwe. Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015, na sababu inapimika: lori la tani 7 huondoka na nafasi ya kuhifadhi lita 1,000 za maji na zaidi, kila msimu, mpaka mafuriko mengine yalete mchanga wa kuijaza.