Kapi wa Uingereza: chambo, ndoana na joto la maji

Habari zenu ndugu zangu, popote mlipo. Tazameni kipimajoto hiki kwanza: nyuzi 11. Hayo ni maji ya ziwa hili mita moja na nusu chini, si hewa. Ukimvua samaki aitwaye kapi huku Uingereza bila kujua namba hiyo, chambo chako unakitupa kwa kubahatisha.

Mnaovua Ziwa Naivasha, Kenya, mnamfahamu samaki huyu. Ameingia kule kama mgeni, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 amezijaza nyavu. Tofauti ni kwamba kule anapelekwa sokoni. Huku anavuliwa kwa ndoana, anapimwa uzito, kisha anarudishwa majini mzima. Kapi huishi miaka mingi, kwa hiyo mmoja anaweza kunaswa mara nyingi, na kila mara anajifunza. Ndiyo maana vifaa vya huku vina ufundi ambao mvuvi wa nyavu hauhitaji.

Kapi hang'ati chambo. Anakifyonza pamoja na tope, anakionja, na kisichompendeza anakitema, yote kufumba na kufumbua. Meno yake yako kooni. Tumbo la kusagia hana, chakula kinakwenda moja kwa moja kwenye utumbo. Shikeni mambo hayo mawili, kutema na kukosa tumbo, maana kila nitakachosema kinatoka hapo.

Ukichoma chambo kigumu juu ya ndoana yenyewe, kapi anahisi chuma na uzito, anatema, nawe huku juu huoni chochote. Mnamo 1980 hivi, Waingereza wawili, Lenny Middleton na Kevin Maddocks, walipata dawa: chambo kining'inie pembeni ya ndoana kwa uzi mwembamba, ndoana ibaki tupu. Majaribio ya mwanzo yalitumia unywele wa mtu kweli, ndiyo maana mpaka leo uzi huo unaitwa unywele.

Unafungwa hivi. Chukua uzi laini wa kusokotwa unaostahimili mvuto wa ratili 25, urefu sentimita 30. Mwishoni funga kitanzi kidogo. Vuta kitanzi kipite katikati ya chambo kwa sindano yenye ncha ya kulabu, weka kijiti cha plastiki kwenye kitanzi kisichomoke. Sasa ncha ya pili ipitishe kwenye jicho la ndoana kutokea nyuma, mgongoni. Pima: kati ya chambo na mpindo wa ndoana iachwe milimita 5 hadi 10. Bana uzi kwenye shina, zungushia sehemu ndefu mara 7 au 8 kuelekea mpindo, kisha irudishe kwenye jicho, tena kutokea nyuma. Lowesha kwa mate, kaza. Wengi wanaharibu hapo mwisho: wanapitisha kutokea mbele, basi ndoana ikivutwa haigeuki kuutafuta mdomo wa chini, inateleza na kutoka. Ukimaliza ubaki na sentimita 15 hadi 20 za uzi mpaka kwenye kipete kinachozunguka.

Kwa chambo cha milimita 15, ndoana namba 6 inatosha. Kumbukeni namba ikipanda ndoana inapungua. Ipitishe juu ya ukucha: ikikwama ni kali, ikiteleza itupe. Maziwa mengi huku yanataka ndoana isiyo na lile jino linalorudi nyuma, ili mdomo wa samaki usichanike.

Chubwi, yaani uzito wa kuzamisha mshipi, ndilo linalofanya kazi ya kumchoma. Gramu 85 zimekaa chini, kapi anafyonza, anainua kichwa, uzito unamvuta ghafla, anashtuka na kukimbia, ndoana inazama yenyewe. Lakini chubwi lifungwe kwenye kibanio cha plastiki kinachoachia. Mshipi ukikatika na chubwi limekazwa moja kwa moja, samaki ataburuta gramu hizo 85 hadi anase kwenye mizizi afe. Nasema hili kwa uchungu, maana ni kosa la dakika moja tu. Na sheria ijulikane: tangu 1987 machubwi ya risasi ya kati ya gramu 0.06 na 28.35 hayaruhusiwi, kwa sababu batamaji walikuwa wakiyameza na kufa kwa sumu. La gramu 85 liko nje ya katazo hilo. Fimbo futi 12, mshipi wa nailoni wa ratili 15, mengine ni mapambo.

Chambo sasa. Kinachouzwa sana huku ni boili, vidonge vya unga na mayai vilivyochemshwa. Kwa mayai 6, andaa gramu 200 za semolina, gramu 200 za unga wa soya na gramu 100 za unga wa samaki. Piga mayai kwanza, ongeza unga kidogo kidogo mpaka donge lisishike mkononi. Lifunike kwa mfuko dakika 20, maana unga bado unanyonya. Viringisha vidonge vya milimita 15. Chemsha vichache vichache kwa sekunde 90, maji yakitokota kwelikweli. Ukimimina vyote kwa pamoja, maji yanapoa, vidonge vinagandana na ganda halishiki. Ukizidisha dakika, vinakuwa mpira na harufu inafungiwa ndani. Anika kwenye kitambaa kivulini siku nzima, kisha weka kwenye friza.

Mahindi makavu ni rahisi zaidi, na kapi anayapenda sana. Loweka saa 24, chemsha nusu saa, acha yapoe ndani ya maji yake mpaka yatoe utelezi. Ndago vivyo hivyo, loweka mpaka saa 48. Usitupe nafaka kavu ziwani kamwe! Inavimba ndani ya utumbo wa samaki, na nimeshasema tumbo la kuisaga hana. Maziwa mengine yamekataza ndago kabisa kwa ajili ya wavivu hao. Soma ubao wa masharti langoni.

Tukirudi kwenye namba yetu, joto la maji. Chini ya nyuzi 7 kapi hula kidogo mno: kidonge kimoja cha milimita 10 chenye rangi kali, ndoana namba 10, pengine mafunza machache, na saa nzuri ni baada ya adhuhuri. Acha vyambo vyenye mafuta mengi, mafuta hukaa kwenye utumbo bila kusagika baridi ikizidi. Kuanzia nyuzi 10 anaamka. Machi na Aprili tafuta maji ya kina kifupi upande wa kaskazini wa ziwa, kwa kuwa jua la huku linakaa kusini na ukingo ule ndio unaoota jua zaidi. Kiganja kimoja cha chambo, si zaidi. Maji yakifika nyuzi 18 hadi 20 wanataga kwenye majani ya kingo, wanarushana maji hata usiku. Hapo kunja vifaa, waache.

Kiangazi maji moto yanabeba oksijeni kidogo: nyuzi 10 hubeba miligramu 11 hivi kwa lita, nyuzi 25 zinabeba 8. Vua alfajiri, au mrushie mkate unaoelea anapoogelea juu. Vuli ndiyo sikukuu. Septemba na Oktoba, upepo wa kusini-magharibi ukivuma na mgandamizo wa hewa ukishuka, simama ukingo unaopigwa na upepo usoni. Hapo ndipo nusu kilo ya boili haipotei bure.

Naivasha hakuna baridi ya nyuzi 6, kwa hiyo sura ya majira ya baridi iacheni. Unywele na mahindi ya kuloweka vitafanya kazi vilevile.

Leseni: Uingereza na Wales, kila aliyefikisha miaka 13 anayevua kwa fimbo lazima awe nayo. Wa miaka 13 hadi 16 wanapata bure. Faini inaweza kufika pauni 2,500. Leseni haikupi ruhusa ya mwenye ziwa, hiyo unailipia kando. Na mitoni kuna msimu wa kutovua, kuanzia Machi 15 hadi Juni 15.

Kapi akifika ukingoni, godoro la kumlaza liwe limeshalowa kabla hajatoka majini, mikono pia, maana mkono mkavu unabandua utelezi unaomkinga na maradhi. Mwinue chini kabisa, umepiga magoti, akikuponyoka aangukie godoro. Mrudishe kwa mfuko wa kumbebea, usimrushe.

Na kabla hamjahamia ziwa jingine: wavu, godoro na mfuko vioshwe, vikaushwe kabisa juani. Kuna virusi vya herpesi vinavyoua kapi maji yanapopita nyuzi 16, na vinasafiri kwenye wavu mbichi.