Stendi za Kukatia Mbao Zinazolala Ukutani
(Maneno haya yalisemwa kwa mafundi na wenye nyumba, uani Nkuhungu, Dodoma)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi. Karibuni, sogeeni kivulini, jua la leo si la kulichezea.

Wengi wenu karakana ni baraza, na jioni baraza hilohilo linageuka jiko, au mahali pa kuegesha pikipiki. Ndiyo maana nikipita mtaani naona mbao inakatwa juu ya kiti cha plastiki na ndoo iliyopinduliwa. Si kwamba fundi hajui stendi. Anaijua vizuri, ila hana pa kuiweka. Kwa hiyo mimi naanzia mwisho: kwanza tujue stendi italala wapi, halafu ndiyo tuulize itasimamaje.

Kuna ile ya bawaba, inayofunguka kama ngazi. Siisemi vibaya, inabebeka. Lakini mzigo wote unaning'inia kwenye skrubu za bawaba, na skrubu ikishalegea ndani ya paina, hata ukiikaza vipi inazunguka tu. Tena paina yetu hapa inakuja kutoka Mafinga, mara nyingi bado mbichi. Ikifika Dodoma, kiangazi kinaikausha haraka, inasinyaa, na kila kiungo kinaanza kucheza. Mimi nataka mbao ikalie mbao, chuma kisiwemo kabisa.

Tazameni hii. Vipande vitatu: miguu miwili na mgongo mmoja. Ni plaiwudi ya milimita 18. Plaiwudi haisinyai ovyo kwa sababu tabaka zake zimelazwa kwa kupishana, moja inaizuia nyingine. Na mji huu unavyojengwa, mabaki hayakosi. Waulizeni mafundi wa zege baada ya plaiwudi iliyoshikilia zege la slabu kufunguliwa. Ila kwangueni saruji kwanza, mpaka kwenye kingo, na misumari yote itoke. Kipande kidogo cha saruji kilichokauka kinamaliza meno ya msumeno kabla hujafika nusu ya ubao.

Vipimo. Mguu uwe na upana wa inchi 23 chini na inchi 6 juu. Mgongo, futi 3 kwa futi 1. Kimo kinategemea unakata na nini. Mwenye msumeno wa mkono asipite inchi 20, chini kidogo ya goti, maana utakanyaga mbao kwa goti na bega lako lishuke na msumeno. Mwenye mashine, au anayetaka kupiga randa amesimama, inchi 28 zitamfaa. Kwa vyovyote, karatasi moja ya futi 4 kwa 8 inatoa stendi mbili na inabakiza kipande cha maana.

Sasa mikato, na hapa ndipo kazi ilipo. Mguu unakatwa katikati kutoka juu kwenda chini, inchi 6. Mgongo unakatwa kutoka chini kwenda juu, inchi 6 vilevile, sehemu mbili, kila moja kama inchi 4 kutoka mwisho. Vikishikana, mgongo unazama na juu panakuwa sawa. Urefu huo wa inchi 6 ndio unaozuia stendi isilale ubavu unapousukuma msumeno. Ukiona uvivu ukakata inchi 2, itayumba.

Upana wa mkato msiupime kwa tepu. Plaiwudi iliyotumika imevimba hapa na pale. Simamisheni kipande chenyewe juu ya mwenzake, pigeni penseli huku na huku. Toboeni kwa drili mwisho wa mkato, shukeni na msumeno kwa ndani ya mistari, patasi imalizie kona. Halafu jaribuni. Kikigoma, msasa kidogo, jaribuni tena. Kiingie kwa mkono bila nyundo, lakini ukikiinua kisidondoke. Kikibana sana leo, mvua za Desemba zikija mtakitoa kwa matusi.

Chini ya kila mguu kateni pengo katikati, ubaki na nyayo mbili. Ua wetu si sakafu ya benki. Juu ya mgongo gundisheni ufito wa paina, gundi tupu bila msumari. Huo ni wa kuliwa na msumeno. Ukiisha mnabandika mwingine.

Kijana mmoja hapa ameniuliza kwa nini msumeno wake unabanwa. Unakata katikati ya stendi mbili, mwanangu. Mbao inapokaribia kuachana inazama katikati, mdomo wa juu unafunga, msumeno unashikwa. Kata nje ya stendi, kile kinachodondoka kiwe upande wenye uzito mdogo, na umwambie mtu akishike. Kama ni karatasi nzima ya plaiwudi, laza mbao mbili za mbili kwa nne juu ya stendi kwanza, ibebwe hadi mwisho.

Na msipande juu kupiga lipu. Hii si jukwaa.

Kuhifadhi: stendi mbili zikichomolewa ni vipande sita, ukivibananisha havifiki unene wa inchi 5. Bodaboda anavibeba. Vining'inizeni ukutani kwa misumari, visiguse udongo. Mchwa wa Dodoma hawabishi hodi.

Mama pale nyuma anauliza mikato ikilegea baada ya muda afanyeje. Usitupe, mama. Piga randa paina kavu, chagua maranda marefu yaliyotoka mazima, paka gundi, bandika kwenye ukuta mmoja wa mkato. Acha mpaka kesho, pitisha msasa, jaribu. Bado inacheza? Ongeza tabaka upande wa pili.