Kuhesabiwa: Krismasi ni ya nani hasa?

(Mazungumzo niliyotoa kwa vijana na wazazi huku kwetu Marangu, Uchagani, mwezi wa 12. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Shikamooni wazee wangu. Vijana poleni na safari, maana najua wengi wenu humu mmeshuka kwenye basi jana na juzi na miguu bado imevimba. Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, asalaam aleykum, na wale msioitikia lolote kati ya hayo nanyi karibuni sana, leo tunaongea wote.

Kabla sijaingia ukumbini kuna kijana kanivuta pembeni akaniuliza, mwalimu, ni kweli Krismasi ni sikukuu ya kipagani? Kaona video kwenye simu. Dada aliyekuwa karibu akadakia, mi shida yangu sio upagani, shida yangu imekuwa bia na nyama tu, Yesu mwenyewe hayupo. Na wa tatu, mwenzao, akasema mi dini sina lakini kila mwaka lazima nije, siwezi kukosa. Nikawaambia ingieni mkae, mmeshaniandalia mhadhara wote.

Nianze na nyumbani kwetu, maana hili jambo mi nimezaliwa ndani yake. Baba yangu alikuwa Mlutheri wa hapa hapa. Mama yangu Msabato kutoka Upare, na mnajua Wasabato kwa nchi hii walianzia huko milima ya Upare mwaka 1903 enzi za Mjerumani, kwa hiyo kwao ni Usabato wa bibi na babu. Sasa tarehe 25 mama alikuwa anaamka saa kumi alfajiri, anawasha kuni, anamenya ndizi za mtori huku giza bado, sufuria la pilau lile la kubebwa na watu wawili lipo juu ya mafiga, moshi jiko zima, jasho linamtiririka, lakini ukimwambia "Krismasi njema mama" anakujibu "karibu, chakula kipo". Hakuwahi kuitikia. Alikuwa anatuambia Biblia haijataja tarehe aliyozaliwa Bwana, na siku aliyoitakasa Mungu ni ya saba, basi. Baba anatupeleka ibadani, tukirudi wanakaa meza moja. Kugombana kwa hilo sijawahi kuwasikia hata siku moja.

Na kuna mtu wa pili. Mzee jirani yetu, Muislamu, alikuwa anakuja jana yake jioni na kisu chake amekifunga kwenye kitambaa, anamlaza mbuzi anamuelekeza kibla, anasema Bismillah, anachinja. Baba ndo alimuita, kila mwaka, ili nyama ile iliwe na kila mtu atakayepita getini. Na yule mzee naye Krismasi njema hasemi. Kwake Isa ni nabii, amezaliwa na Maryam kwa muujiza, hapo hana ubishi, lakini kumpongeza mtu kwa kuzaliwa mwana wa Mungu anaona ni kukubali kwamba Mungu kazaa, na hilo kwake haliwezekani kabisa. Wapo Waislamu wanaosema salamu ya ujirani haina tatizo, wapo wanaokataa kama yeye, na sio vizuri sisi wengine kuwachagulia.

Sasa angalieni kwa makini. Aliyechinja hasemi Krismasi njema. Aliyepika hasemi Krismasi njema. Na sikukuu yenyewe bila hao wawili pale kwetu isingekuwepo. Mi hiyo picha imenikaa kichwani miaka yote, na kila nikisikia watu wanabishana Krismasi ni ya nani namkumbuka mama na moshi wake na yule mzee na kisu chake.

Haya, swali la upagani. Kijana yuko wapi, aah pale. Sikiliza, Wakristo wa mwanzo hawakuwa na Krismasi. Pasaka walikuwa nayo, Krismasi hapana. Origen, mwalimu mkubwa wa kanisa kule Aleksandria karne ya 3, aliona hata kusherehekea siku ya kuzaliwa ni mambo ya watu wabaya, akasema kwenye Maandiko wanaofanya hivyo ni akina Farao na Herode. Kumbukumbu ya zamani kabisa tuliyonayo ya 25 Desemba ni ya Roma, ipo kwenye kalenda iliyokusanywa mwaka 354 na ndani yake kuna orodha ya mwaka 336. Na wale wa video wanasema Kaisari Aureliano mwaka 274 alijenga hekalu la Jua Lisiloshindwa, kanisa likaiba siku ya jua. Hekalu alijenga kweli. Lakini hiyo sikukuu ya jua ya tarehe 25 nayo tunaikuta kwenye kalenda ile ile ya 354, kwa hiyo nani alimtangulia mwenzake wataalamu wanabishana mpaka leo. Wengine wanasema hesabu ilianzia kwingine kabisa, kwamba waliamini Bwana alikufa 25 Machi na mimba yake ilitungwa tarehe hiyo hiyo, hesabu miezi tisa mbele unafika 25 Desemba. Mi binafsi hii ya pili naiona ina nguvu kuliko watu wanavyoipa, ila siwezi kukuapia.

Lakini hata tukisema tarehe ni ya jua, so what, kama wasemavyo vijana. Wahabeshi wenzetu kule Ethiopia, wa kanisa la zamani kabisa, wanaiadhimisha tarehe 7 Januari, tena baada ya kufunga zaidi ya siku 40 bila nyama wala maziwa, na hakuna mtu anayewaambia hao Yesu wao amezaliwa siku tofauti.

Kitu ambacho watu hawaambiwi ni kwamba waliowahi kuipiga Krismasi vita vikali kabisa hawakuwa wapagani wala wasioamini. Walikuwa walokole wa wakati wao. Uingereza mwaka 1647 Bunge lililoshikwa na Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali, lilifuta Krismasi, maduka yakaamriwa yafunguliwe kama siku ya kawaida, na mji wa Canterbury watu wakaingia barabarani wakafanya fujo kwa kunyang'anywa sikukuu yao. Ndugu zao waliovuka bahari kule Massachusetts mwaka 1659 wakaweka faini ya shilingi 5 kwa yeyote atakayekutwa anaisherehekea. Scotland siku hiyo haikuwa mapumziko rasmi mpaka mwaka 1958, juzi tu, kuna wazee humu mlikuwa mmeshazaliwa. Na hoja zao zilikuwa zile zile za mama yangu, Biblia haijasema, na zile zile za dada wa hapo nje, imekuwa ulevi na ulafi. Mashahidi wa Yehova nao walikuwa wanaisherehekea mpaka miaka ya 1920, ndo wakaacha. Hata Ellen White, mmoja wa waasisi wa Wasabato, mama yangu nilimsomea hili akiwa mzee akashangaa kidogo, aliandika kwamba hakuna dhambi kuweka mti wa kijani kanisani na watu wautundikie matoleo kwa ajili ya kazi ya Mungu.

Kwa hiyo mtu akikataa Krismasi kwa ajili ya imani yake usimuone mshamba au mchawi wa furaha za watu. Ana ukoo mrefu huyo.

Na serikali isiyotaka dini nayo imejaribu. Cuba iliifuta Krismasi kwenye siku za mapumziko mwaka 1969, sababu watu walitakiwa mashambani kukata miwa, ikarudi mwaka 1997 Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuwa anajiandaa kwenda huko. Karibu miaka 30. Hilo nilitaje nipite.

Nirudi kwa yule wa tatu asiye na dini, maana yeye ndo amenisumbua zaidi. Anakuja nyumbani kwa sababu gani? Akasema kwa sababu ni nyumbani. Sasa tuseme ukweli, huku kwetu mstari wa hili ni la dini na hili sio la dini unakatikia wapi? Desemba ndo ubarikio wa watoto, yaani kipaimara, ndo harusi, ndo kufagia makaburi kwenye kihamba, shamba la ukoo, ndo vikao vya ukoo, ndo kesi za mipaka. Baba na mdogo wake walikaa miaka mingi hawasalimiani kwa ajili ya mpaka, migomba mitatu hivi, sio zaidi. Mwaka mmoja tarehe 25 tumetoka ibadani, tumekaa uani, baba mdogo huyo anaingia kwenye njia ya migombani, hana neno, ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Vijana isale mnaijua, ni ile ile inayopandwa mpakani. Ukiletewa isale Mchaga huna pa kutokea, unasamehe. Baba alisimama, akalipokea lile jani, mikono inamtetemeka mpaka jani linasikika, na mama kule jikoni akaacha mwiko ndani ya sufuria akatoka kusimama mlangoni. Hakuna mchungaji pale, hakuna sala iliyoongozwa. Sasa niambieni hiyo ilikuwa Krismasi ya kidini au ya kidunia? Mi nimeshindwa kuitenganisha na sitaki tena kuitenganisha.

Watu wa makabila mengine wana utani wao kwamba Wachaga Desemba wanaenda kuhesabiwa. Tunacheka. Lakini umetoka wapi huo utani, umetoka Luka sura ya 2, "Watu wote wakaenda kuandikwa, kila mtu mjini kwao." Kaisari Augusto anataka orodha ya watu, na orodha za Kaisari zilikuwa za kodi. Yusufu anapanda kwenda Bethlehemu kwa sababu ndo kwao, ukoo wa Daudi. Halafu tunasoma "hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni" na kila mtu anawaza gesti, mwenye gesti kawafukuza. Neno la Kigiriki pale ni kataluma. Luka huyo huyo akitaka kusema nyumba ya kulala wageni ya kulipia, kwenye habari ya Msamaria mwema, ametumia neno lingine kabisa. Kataluma analitumia tena kwenye chumba cha Bwana kula Pasaka na wanafunzi wake, chumba cha wageni ndani ya nyumba ya mtu. Kwa hiyo wapo wasomi wanaosema, na mi nakubaliana nao moja kwa moja, kwamba Yusufu alifika kwao, na kwao kumejaa! Ndugu wamekuja kuhesabiwa, chumba cha wageni watu wamelala hadi mlangoni, mjamzito akawekwa upande wa mifugo, na mtoto akalazwa penye chakula cha ng'ombe.

Wazee mnatabasamu kwa sababu mnaijua hiyo nyumba. Ile nyumba ya msonge ya bibi yangu ng'ombe walikuwa ndani, upande mmoja watu, upande mmoja ng'ombe, moto katikati, usiku unasikia ng'ombe anapumua. Mtoto kulazwa karibu na majani ya ng'ombe bibi yangu asingeona ni kisa cha kusikitisha, angesema amewekwa penye joto. Na kwenye Surat Maryam ni kinyume chake, Maryam yuko peke yake kabisa, uchungu umemsukuma mpaka kwenye shina la mtende, anatamani angekuwa ameshakufa kabla ya hayo, ndo anaambiwa atikise shina tende zimwangukie. Kitabu kimoja mama yuko kwenye nyumba iliyojaa, kingine mama hana mtu. Mi vyote viwili nimevipitia.

Mwaka 2009 sikuja nyumbani. Nilikuwa Dar, kazi ilikuwa imekatika tangu mwezi wa 8, nauli nilikuwa nayo ya kuungaunga lakini nilijua nikishuka hapa stendi mkono mtupu nitahesabiwa kwa jinsi ile nyingine, ya gari gani umekuja nayo, umejenga, umeleta nini, meza ya kwanza kinywaji gani. Mnaijua hiyo hesabu, tunaifanya, hata humu ndani tunaifanya. Nikampigia mama nikamdanganya nina zamu kazini. Tarehe 25 nimefunga mlango wa chumba changu, mtaa mtupu, muziki kwa mbali, na nilikuwa natamani kila mtu aone sipo, maana ukiwepo utaulizwa.

Hapo ndo namjibu dada. Dada, bia na nyama sio adui yangu mkubwa, mbuzi wa yule mzee alikuwa nyama. Kinachoniuma ni ile hesabu ya Kaisari kuingia nyumbani, mpaka mtoto wa mtu anaogopa kuja kwao kwa sababu hana kitu. Najua wapo mwaka huu, wazazi wengine humu mmeambiwa ana zamu.

Saa tano asubuhi simu ikaita. Mama. Nyuma yake nasikia masufuria, nasikia watoto, nasikia mtu anaita lete chumvi. Hakuniuliza kazi. Wala hakusema Krismasi njema, asingesema. Akaniuliza, umekula? Nikasema nimekula. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, nimekuwekea yako, nimeifunika, wewe njoo siku yoyote.

Nilikuja tarehe 3 Januari. Ilikuwa imefunikwa.

Kijana naona umenyoosha tena mkono, mpeni maiki.