Nani Alianza? Sefu na Mwanaidi, kutoka Tanga

SEFU: Wasikilizaji wetu, nusura leo mnikose, kwani Jumanne nilishinda kituo cha polisi nikitoa maelezo juu ya ugomvi uliozuka kwenye baraza yetu ya bao, Ngamiani. Askari alikuwa muungwana, ila karatasi nzima iliishia kwenye swali moja: nani alianza?

MWANAIDI: Nawe ukajibu nini, kaka Sefu?

SEFU: Nikasema mmoja alianza kwa ulimi, mwenzake akaanza kwa mkono. Askari akafuta, akaandika upya. Papo hapo nikamkumbuka mtu wetu wa leo, Marvin Wolfgang, msosholojia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyejijengea jina kwa kusoma majalada ya polisi ya Philadelphia, Marekani: watu 588 waliouawa kati ya 1948 na 1952. Katika kitabu chake cha 1958 alionyesha kwamba 150 kati yao ndio waliotangulia kutumia nguvu.

MWANAIDI: Yaani marehemu ndiye aliyeanza. Hapo ndipo tulipogombana wakati wa maandalizi, nami sijabadilika. Jalada la mauaji huandikwa wakati mmoja wa wale wawili hana tena kinywa cha kujitetea, na aliyebaki hai anajua fika kwamba akisema alishambuliwa kwanza, adhabu itapungua.

SEFU: Lakini Bi Mwanaidi, Wolfgang hakusema kwamba marehemu alistahili kufa. Tazama ndoa: waume 47 waliuawa na wake zao, na 28 walikuwa wametangulia kushambulia. Kwa wake waliouawa na waume zao, 53, ni watano tu. Bila swali hilo la nani alianza, wale wanawake wangehesabiwa wauaji kama wauaji wengine.

MWANAIDI: Swali hilohilo mwanafunzi wa Wolfgang, Menachem Amir, alilipeleka mwaka 1971 kwenye ubakaji, akahesabu kuwa alianza hata mwanamke aliyekubali kinywaji au lifti ya mtu asiyemjua. Basi kwenye kosa hilo, nani alianza?

SEFU: Umenibana. Ila dhambi ya mwanafunzi haihamii kwa mwalimu. Wolfgang huyohuyo alipinga adhabu ya kifo, na takwimu zake kutoka majimbo ya kusini ya Marekani zilionyesha kwamba mtu mweusi aliyepatikana na hatia ya kumbaka mwanamke mweupe alihukumiwa kifo mara nyingi kupita wengine.

MWANAIDI: Hilo namvulia kofia. Lakini aliyetengeneza kipimo hicho cha nani alianza ndiye aliyepaswa kuweka mpaka wake, na mimi hapo sisogei.

SEFU: Nami sisogei. Kipimo kilikuwa cha kuhesabia nguvu za mwili tu. Mpaka ulikuwepo, mwanafunzi wake akauvuka.

MWANAIDI: Fundi ananionyesha saa. Tulipanga mafunzo matatu kwa wanafunzi wa sosholojia wanaotaka kufuata njia hii, na hatujagusa hata moja.

SEFU: Angalau tutaje utafiti wa Wolfgang na wenzake wa 1972, wavulana 9,945 waliozaliwa 1945 na kukulia Philadelphia, ambapo 627 tu walihusika na zaidi ya nusu ya makosa yote…

MWANAIDI: Huo unahitaji kipindi chake. Mlioleta maswali kutoka Muheza na Pangani, tuvumilieni hadi wiki ijayo. Fundi, zima.